Ugali mkubwa, mboga kidogo

Nyumba nyingi ninazozijua Mwanza, za Igoma, za Buhongwa, za kule juu ya mawe Mabatini, hazina shida ya ugali. Unga ukipanda bei watu watalalamika, watabana huku na huku, lakini jioni ugali utasongwa. Kinachoyumba ni bakuli la pembeni. Leo lina sato, kesho mchicha, na zikifika tarehe mbaya lina mchuzi wa nyanya mbili na kitunguu, watu sita wanachovya humo humo. Mimi naona karibu kila jambo lenye uzito katika somo la lishe, kwa sahani ya huku ziwani, limekaa ndani ya bakuli hilo.

Shuleni tulikariri makundi matatu: vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Ukubwani, kliniki ya watoto ikatuletea makundi matano yenye picha ukutani: nafaka na mizizi huku, mikunde na nyama kule, mboga za majani, matunda, halafu mafuta na sukari vimebanwa pembeni. Sina ugomvi na picha hizo. Ila mtu anaweza kuyagusa makundi yote matano kwa siku moja na bado akawa amekula vibaya, maana picha haisemi kiasi. Kipande cha nyanya kwenye mchuzi kimehesabiwa mboga, kijiko cha mafuta kimehesabiwa mafuta, vidagaa vinne vimehesabiwa protini. Kwenye karatasi familia imefaulu.

Basi tupige hesabu. Gramu moja ya wanga inaupa mwili kilokalori 4, ya protini vilevile 4, ya mafuta 9. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina kilokalori kama 360 na protini gramu 8 hivi. Mbeba mizigo wa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba akila nusu kilo ya unga kwa siku, na wapo wanaokula zaidi, amepata kilokalori 1,800 na protini karibu gramu 40. Kipimo kinachotumika sana kwa mtu mzima ni gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 48. Ukiishia hapo utasema ugali mtupu umekaribia kumtosha.

Haumtoshi. Protini imeundwa kwa asidi amino, na tisa kati ya hizo mwili hauwezi kujitengenezea, lazima uzipate kwenye chakula. Mahindi yana uhaba wa mbili: laisini na triptofani. Hapo inakuwa kama fundi wa mitumbwi mwenye mbao tele na misumari michache. Kazi itaishia pale misumari ilipoishia, na mbao zilizobaki ni kuni. Mwili nao hufanya hivyohivyo, protini iliyokosa wenzake inachomwa kama nguvu. Maharage, kunde na choroko zina laisini nyingi, na kile kinachopungua kwao, methionini, mahindi yanacho. Makande, ambayo vijana wa mjini wanayaona chakula cha bweni, yakiwa na maharage ya kutosha yanazishinda kwa protini sahani nyingi za wali zenye vipande viwili vya nyama juu kwa ajili ya macho.

Hesabu inakuwa kali zaidi ukihama kutoka mahindi kwenda muhogo. Gramu 100 za unga wa muhogo zina kilokalori karibu sawa na za unga wa mahindi, lakini protini yake ni gramu moja au mbili tu. Matonge yaleyale, shibe ileile, usingizi uleule baada ya kula. Nusu kilo nzima ya unga huo haifikishi gramu 10.

Bibi yangu mzaa mama ni wa Ukerewe, na kwake ugali ni wa muhogo. Wa mahindi ni wa wageni. Muhogo wake haukauki kienyeji-enyeji. Anaumenya, anaurundika, anaufunika vizuri, anauacha siku kadhaa uvundike mpaka uote ukungu, kisha anaukwangua, anauvunjavunja na kuuanika juu ya mawe. Huo ndio udaga. Ukimshauri auanike tu moja kwa moja ili kuokoa muda, anakutazama kama umemtukana. "Mjukuu wangu, muhogo una hasira. Uache upoe."

Hasira hiyo ipo kweli na ina jina. Muhogo, hasa ule mchungu, una linamarini, kemikali iliyoficha sumu ya sianidi. Chembechembe za muhogo zinapovunjika, kwa kuoza, kupondwa au kukwanguliwa, linamarini inakutana na kimeng'enya chake na sianidi inatoka, sehemu kubwa ikipotelea hewani. Ukianika kipande kizima juani bila kukivundika wala kukiloweka, maji yanakauka kabla kazi hiyo haijakamilika, na sumu inabaki ndani ya unga mweupe unaopendeza.

Mwaka 1985 ukame uliibana wilaya ya Tarime, ng'ambo kidogo tu ya huku kwetu, mkoani Mara. Watu walibaki na muhogo mchungu na njaa isiyoweza kungoja siku za kuvundika. Wakafupisha njia: kumenya, kuanika, kutwanga, kula. Ukazuka ugonjwa unaoitwa konzo. Mtu, mara nyingi mtoto au mama aliye katika umri wa kuzaa, miguu yake yote miwili inakakamaa ghafla, na hairudi tena kama zamani. Hauambukizi na wala haukutoka kwa mchawi yeyote.

Ni kisa ninachokirudia kila ninaposikia mtu akisema lishe ni mambo ya wazungu na vitamini za dukani, kwa sababu nusu yake ya pili iko kwenye bakuli la pembeni. Mwili una njia ya kuiondoa sianidi. Huibadilisha kuwa thiosianati, ikatoka na mkojo. Lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa, na salfa hiyo inatoka kwenye asidi amino mbili, methionini na sisteini, ambazo samaki, nyama na mayai wanazo kwa wingi. Mtu anayekula muhogo ulioandaliwa vibaya na hana chochote cha pembeni amekosa kinga mara mbili. Na thiosianati yenyewe ikizidi inazuia tezi ya shingo kuchukua madini joto, ndiyo maana chumvi yenye madini joto ina maana ya pekee kwa walaji wa muhogo kuliko kwa wengine. Bibi hajui thiosianati. Anajua kwamba ugali wa muhogo bila samaki "haukai", na kwamba udaga hauharakishwi.

Samaki huyo, kwa nyumba za kawaida, ni dagaa.

Dagaa wa Ziwa Victoria wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu mialo, yaani fukwe za kushushia samaki, inatulia. Wakishakauka, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, tena yenye laisini ileile ambayo mahindi yanaililia. Lakini kinachowatenga na sato na sangara ni kwamba dagaa analiwa mzima. Hakuna anayekula uti wa mgongo wa sangara. Dagaa unamla na mifupa, macho na kichwa, kwa hiyo unapata kalisi, madini ya mifupa, ambayo kwenye minofu ni kidogo sana. Konzi moja ya dagaa wakavu inaweza kushindana na glasi ya maziwa kwa kalisi. Ongeza chuma, zinki, na vitamini B12 ambayo mchicha na maharage hawana hata chembe.

Mwaloni ukisogelea mafungu utaulizwa swali moja kabla ya bei: "Dada, wa kula au wa kuku?" Wa kula wanang'aa, wameanikwa juu ya vichanja au nyavu. Wa kuku wameanikwa mchangani, mvua imewapiga, wamekuwa weusi na wanavunjika mkononi. Sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa hili inaishia kwenye chakula cha mifugo, na siwalaumu wanaofuga, kuku naye anahitaji laisini. Ila kuna kitu kinakera ukisimama pale na kuona magunia yakipakiwa kwa ajili ya mabanda, huku unajua nyumba ambayo mtoto wa miaka miwili jioni atapewa ugali na mchuzi.

Wengi wanaopanga semina za lishe wanadhani adui ni ujinga wa akina mama. Mimi nadhani adui mkubwa zaidi kwa dagaa ni mchanga. Kwa sababu ya mchanga mama anakata vichwa, na kichwa kikienda, sehemu ya kalisi imekwenda nacho. Kwa sababu ya mchanga anawaosha kwa maji matatu, manne, mpaka wanabaki nyuzi. Jirani yangu aliniambia, "Mwanangu akiusikia mchanga kwenye jino mara moja, wiki nzima hawagusi." Huyo hahitaji semina, anahitaji dagaa walioanikwa kwenye kichanja, na kichanja ni miti na wavu. Masika ndiyo mtihani wenyewe, jua likikosekana siku mbili mfululizo mzigo mzima unahamia fungu la kuku. Anayemsaidia mwanika dagaa wa mwaloni kupata kichanja na turubai anafanya kazi ya lishe, hata kama hajawahi kutamka neno vitamini.

Nitagusa sangara kidogo tu kwa sababu amesemwa sana. Aliingizwa ziwani miaka ya 1950, na kuanzia miaka ya 1990 viwanda vya hapa vimekuwa vikipeleka minofu yake Ulaya, bondo, kile kibofu chake cha hewa, likaenda kwa bei ya kutisha, na mapanki, mifupa na vichwa vilivyobaki baada ya minofu, yakabaki kwetu. Mapanki yakichemshwa yana nyama ya kutosha kwenye mifupa na supu yake ni nzito, simcheki anayeyala. Ninachokishangaa ni heshima. Mgeni akija tunakimbilia sato mkubwa, hata kwa kukopa, na dagaa wanafichwa jikoni kama deni. Kwa bei ya sato mmoja wa heshima unapata dagaa wa kuiweka nyumba siku nyingi.

Mchuzi ndio unaonipa shida zaidi ya vyote. Angalia mezani: baba kapata kipande cha samaki, mama kapata mkia, watoto wamepata mchuzi. Watu wanaamini nguvu ya samaki imeshukia kwenye mchuzi. Haijashuka. Mchuzi una ladha, chumvi, mafuta kidogo, maji mengi. Protini imebaki kwenye kile kipande. Na katika nyumba nzima, anayehitaji protini nyingi kwa kila kilo ya uzito wake ni yule mdogo kuliko wote, aliyeachishwa ziwa juzi. Mtoto huyo akidumaa huoni ugonjwa. Utaona mtoto mfupi mwenye furaha, shangazi atasema "huyu kamfuata babu yake", na biashara imeisha. Miaka miwili ya mwanzo ikipita, kimo kilichopotea hakirudi kwa urahisi.

Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo na uji wetu ni maji. Ukiukoroga mzito anakwama, ukiukoroga mwepesi anashiba maji. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, miaka ya 1980 ilihimiza jambo ambalo wapika pombe wa Usukumani walilijua siku zote: kimea. Ulezi au mtama ukiloweshwa, ukaachwa uchipue, ukakaushwa na kusagwa, unga wake una vimeng'enya vinavyokatakata wanga. Weka kijiko kimoja ndani ya uji mzito kama ugali mlaini uliopoa kiasi, na mbele ya macho yako unalegea. Sasa mtoto anakunywa bakuli lilelile lenye unga maradufu. Sijui kwa nini hatulisikii tena jambo hili kliniki. Pengine kwa sababu hakuna wa kuliuza.

Kinachouzwa ni "unga wa lishe". Ukipita maduka ya Makoroboi au Mlango Mmoja utakutana na mifuko yenye sifa ya kuwa na vitu kumi, kumi na viwili: mahindi, ulezi, mtama, uwele, mchele, ngano, soya, karanga, na mengine kadiri ya uwezo wa mwenye mashine. Sita kati ya hivyo ni nafaka. Kuchanganya nafaka sita ni kuwa na nafaka, basi. Wali na ugali kwenye sahani moja hujabadilisha mlo. Soya inasaidia kweli, lakini lazima ikaangwe au ichemshwe kabla ya kusagwa, kwa sababu ikiwa mbichi inazuia umeng'enyaji wa protini. Karanga zilizosagwa na kukaa dukani miezi zinachacha, na karanga na mahindi yaliyovunwa na unyevu hubeba sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Uji wa mtoto wa dada yangu una vitu vitatu: unga wa ulezi, dagaa waliokaangwa bila mafuta na kusagwa kwenye kinu, na karanga zinazopondwa siku hiyohiyo. Dada alipoanza, mama mkwe wake alinuna kwa sababu ya harufu. Mtoto hakununa.

Vitamini A ni hadithi ya viazi. Sisi wa huku ni watu wa viazi vitamu. Michembe, vilivyokatwa vikiwa vibichi na kuanikwa, na matobolwa, vilivyochemshwa kwanza, vimewavusha watu kiangazi miaka na miaka. Lakini kiazi cheupe, pamoja na utamu wake, vitamini A yake ni karibu na hakuna. Kiazi cha rangi ya chungwa, kinachoitwa kiazi lishe, kina betakarotini ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na kipande cha wastani kinaweza kumtosha mtoto mdogo kwa siku. Watafiti wa Ukiriguru, pale Misungwi, wamevifanyia kazi viazi kwa miaka mingi, na mwaka 2016 Robert Mwanga, Mganda wa ng'ambo ya ziwa letu, alikuwa mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi ya kuyaongezea mazao virutubishi, yeye akiwa upande wa kiazi hiki. Wazee wanasema hakina unga, kinateleza mdomoni. Wana haki, aina za mwanzo zilikuwa za majimaji. Za sasa ni kavu zaidi. Ukitaka kuvifanya michembe, kausha kivulini au funika, maana jua kali linaila hiyo rangi na vitamini pamoja nayo.

Na rangi hiyo, iwe ya kiazi, ya papai au ya majani mabichi ya kiza kama mgagani na majani ya kunde, haiingii mwilini bila mafuta. Vitamini A, D, E na K zinasafiri kwenye mafuta. Mlenda uliochemshwa kwa magadi na maji unapita, umeacha kidogo. Mlenda uliotiwa karanga ni chakula kingine. Nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa kwa ajili ya kiangazi, yamepoteza karibu vitamini C yote lakini madini na nyuzinyuzi zimebaki, na karanga juu yake zinafanya kazi ileile. Mama zetu walizitia karanga kwa utamu. Utamu na lishe si maadui kama matangazo ya kliniki yanavyofanya tuamini.

Chuma kina ubishi wake. Cha samaki na nyama kinaingia mwilini kwa urahisi. Cha maharage, mchicha na dona kinaingia kwa shida, na kinategemea kilicho jirani. Ndimu kwenye mchicha inakifungulia, kwa sababu ya vitamini C. Chai ya rangi inayofuata mara baada ya ugali na maharage inakifungia. Sisemi watu waache chai, Mwanza bila chai ya jioni sitaishi mimi mwenyewe. Isogezeni tu, inyweni baada ya saa moja au mbili.

Halafu kuna kichocho, na hapa vitabu vya lishe vinavyoandikwa mbali na ziwa vinatuacha. Mtoto wa mwalo anayeoga, anayechota maji na kuogelea kwenye maji yaleyale kila siku anaweza kuwa na kichocho cha tumbo, na mwenzake wa shamba anaweza kuwa na safura. Minyoo hiyo inamfanya apoteze damu kidogo kidogo. Malaria nayo inaivunja. Unaweza kumlisha chuma asubuhi na jioni na bado akawa mweupe viganjani, kwa sababu kinachoingia kinavuja. Dawa za minyoo na kichocho zinazogawiwa shuleni, choo cha maana mwaloni na chandarua ni sehemu ya mlo kamili, ingawa hakuna picha inayoviweka kwenye duara la chakula.

Mengine nayapitia haraka. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na wanaokula samaki wa chumvi wawe na hadhari. Matunda na mboga gramu 400 kwa siku, jambo ambalo msimu wa maembe linawezekana bila kuhutubiwa. Mafuta ya chipsi yaliyokuwa meusi tangu asubuhi yaogopwe. Chipsi mayai yenyewe siipondi sana: ina wanga, mafuta na protini, ikipata kachumbari nyingi inakuwa mlo. Soda na andazi saa saba mchana ndio mlo ninaouogopa, na ndio ninaouona kila mahali mjini.

Kuna watakaosema shida ni umaskini tu, shamba likizaa lishe itakuja yenyewe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ikiwa imeshuka kutoka 34 ya utafiti uliotangulia wa 2015 na 2016. Mikoa iliyoongoza kwa udumavu ni Iringa, Njombe na Rukwa. Hiyo ni kati ya mikoa inayolisha nchi kwa mahindi. Maghala yamejaa wanga, na kazi ya shamba inamchukua mama kutoka alfajiri, mtoto anaachiwa uji wa jana. Umaskini unachangia, sikatai, lakini ghala kubwa la kitu kimoja halijawahi kuwa mlo.

Kwa hiyo kamati ya wazazi ya shule anayosoma binti yangu ilipoitisha kikao cha chakula cha mchana, nilikwenda nikiwa nimejiandaa. Mpango uliokuwepo ni wazazi kuchangia mahindi na maharage, makande siku zote tano. Sikuwa na neno na makande. Niliomba siku moja iwe ya dagaa. Baba mmoja akasema darasa zima litanuka. Mzazi mwingine, Msabato, akauliza kwa upole kama dagaa wana magamba, kwa maana kwao samaki asiye na magamba, kama kambale, haliwi. Akajibiwa na mama anayewauza kwamba wanayo, madogo, na yeye mwenyewe ni Msabato na anawala. Mwalimu wa zamu akauliza swali lililokuwa la maana kuliko yote: nani atachambua mchanga wa dagaa wa watoto mia nne? Tukakubaliana wanunuliwe wa kichanja, hata wakiwa ghali kidogo, na wasikatwe vichwa. Kuhusu sembe na dona watu walibishana mpaka jua likageuka, dona ikapita kwa sharti kwamba mahindi yakaguliwe ukungu kabla ya kwenda mashineni. Mhazini akaandika: Jumatano, ugali wa dona, dagaa, mchicha, ndimu. Karanga za kwenye mchicha zimeahirishwa hadi kikao kijacho, kwa sababu bei yake iliwagawa wajumbe nusu kwa nusu.